Karani na Kiboko Walivyofika Katito

Nyinyi vijana mnaofanyia mazoezi ya mieleka kule Otonglo mmeniomba mara mbili nije niwazungumzie. Nimekataa, na si kwa maringo. Kutoka hapa Migosi hadi kwenu ni magari mawili, kila gari lina ngazi, na kila ngazi ina ugomvi wake na goti langu la kushoto. Kuandika kunafanyika mtu akiwa amekaa. Nimekaa. Chai iko hapa. Akinyi, mke wangu, yuko kwenye cherehani yake anajifanya hasikii ninavyojisomea kwa sauti.

Mikanda tuliyoshinda sitaitaja. Ninajua ulipo mmoja tu: uko jikoni, umefunga mtungi wa gesi usianguke. Na nani alipewa nini baada ya pambano, mwulizeni promota, kama mtampata.

Nianze na siku ya kwanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo mwalimu wangu aliziita za kutia moyo, bila kusema moyo wa nani. Mtu mmoja akaniambia kuna Mzee Odongo, ana ghala la zamani la pamba Otonglo, anatafuta vijana. Sikuuliza wa kazi gani. Nikavaa shati jeupe la mikono mirefu, tai ya marehemu baba, suruali iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, nikabeba vyeti vyangu ndani ya bahasha. Kufika pale, nakuta wanaume wazima wamevaa kaptura, mmoja amekabwa shingo na mwenzake, na mzee mfupi mwenye masikio kama mandazi yaliyokaliwa ameketi juu ya tairi.

"Karani amekuja," mzee akasema. "Ofisi yako iko wapi, Bwana?"

"Mzee, nimekuja kwa sababu ya kazi."

"Kazi ni ile pale." Akamwonyesha yule aliyekabwa. "Weka bahasha hapa. Vua viatu."

Viatu nikavua. Shati nikakataa. Mimi ni mtu wa nyumbani, sikuwa nimezoea kuvua shati hata mbele ya daktari. Mzee Odongo akasema sawa, karani abaki na shati lake, ataangukia ndani yake. Nikaanguka ndani yake mpaka jioni. Niliporudi, mama akauliza kama walinihoji vizuri. Nikamwambia walihoji mgongo zaidi.

Basi jina likanishika siku hiyo. Miaka yote niliyopigana nilipanda ulingoni na shati jeupe, tai na suruali ya mkunjo, na watu wakidhani ni ubunifu wa hali ya juu. Ilikuwa aibu tu, jamani.

Miezi ya kwanza hatukufundishwa kumpiga mtu. Tulifundishwa kuanguka. Kidevu kifuani, ulimi ndani ya meno, viganja vyote viwili vipige mbao kabla mgongo haujafika, na pumzi uitoe mwenyewe kabla hujatolewa. Mzee Odongo alikuwa na maneno kwa kila anguko. "Huyu ameanguka na kiwiko," anasema. "Huyu ameanguka na matumaini." Mimi nilianguka na matumaini kwa muda mrefu.

Ulingo tuliutengeneza wenyewe. Chini matairi, juu yake mbao nene, juu ya mbao magunia ya makapi ya mpunga kutoka Ahero, na juu kabisa turubai la lori. Makapi yakiwa mapya unaweza hata kusinzia. Yakikaa na kunyeshewa, yanashikana kama ukuta wa shule. Kwa hiyo mkifika mahali, msikimbilie kioo kutazama vifua vyenu. Pandeni mapema, mtembee bila viatu, mpapase kwa viganja mjue makapi yamehamia wapi. Kamba zetu zilikuwa nyaya za chuma zilizopitishwa ndani ya mpira wa kumwagilia maji, zikashikwa kwenye nguzo kwa ndoano. Ndoano mzifunike. Narudia: ndoano mzifunike, na mzifunike nyinyi wenyewe, msimwachie mtu wa kutandika turubai.

Ouma alikuja baadaye. Alikuwa anapakua magunia ya omena sokoni, mtu wa Nyakach, upande wa Katito, mkubwa kiasi kwamba akiketi kwenye benchi wengine wanasimama bila kutaka. Mzee Odongo akatutazama, mimi na yeye, kama mtu anayetazama viatu viwili vya jozi tofauti.

"Huyu hawezi kukimbia," akasema, "na huyu hawezi kupigana. Ukiwafunga pamoja unapata mtu mmoja mzima."

Hapo ndipo Karani na Kiboko walipoanza.

Mieleka ya wawili wawili mnaijua, lakini labda mtu mwingine atasoma karatasi hizi, kwa hiyo nieleze. Kila upande una watu wawili. Mmoja yuko ndani anapigana, mwenzake amesimama nje ya kamba, kwenye kona, ameshika kipande cha kamba kilichofungwa kwenye nguzo. Haruhusiwi kuingia mpaka wa ndani amguse mkono. Kugusa mguu si kugusa. Kugusa nywele si kugusa. Mkono kwa mkono, basi. Ndiyo maana mimi huwacheka wanaosema wa nje anapumzika. Mzee Odongo alitufundisha kinyume chake: "Aliye ndani anaumia tu. Aliye nje ndiye anayeuza." Watu hawatazami kipigo sana, wanautazama mkono wa yule wa nje, unavyonyooka, unavyotetemeka, unavyokosa kufika. Mimi nilikuwa hodari wa kusimama mahali pamoja na kusikitika. Hata nyumbani nasifiwa kwa hilo.

Pambano letu lilikuwa na njia yake. Naingia mimi kwanza, natandikwa kama godoro siku ya jua. Wananivuta tai. Wananirarua shati, watu wanapiga nduru. Mwishowe natambaa, namgusa Ouma, Kiboko anaingia, anawatupa wawili wote, halafu anamaliza kwa kumkalia mmoja. Refa alihesabu mpaka tatu kwa heshima tu. Hakuna aliyewahi kutoka chini ya pale.

Ndiyo, tulipanga. Majirani wakiwauliza, mkatae. Lakini kumbukeni: mwisho wa pambano hupangwa, sakafu haipangwi.

Wapinzani wetu wa kudumu walikuwa Wafula na Sande, watu wa Bungoma. Ulingoni tulichukiana mpaka mishipa ikasimama. Nje tulikula sufuria moja. Wafula ndiye aliyekuwa akinitania kwa sababu safarini nilibeba mto wangu, blanketi langu na birika langu.

"Karani, umesahau kitanda," ananiambia.

"Kitanda kinakuja na lori la nyuma," namjibu.

Tulipanda, tulishuka. Busia tulijaza uwanja mpaka watu wakapanda juu ya paa la posho mill, na mwenye posho mill akapanda pia ili kuwashusha, akabaki huko kutazama. Wiki iliyofuata mahali pengine tulipigana mbele ya walinzi wawili na mbuzi. Kuna mvua iliyogeuza makapi yetu uji, tukapigana tumezama mpaka vifundoni. Homa Bay bibi mmoja alipanda ulingoni na sandali mkononi kuniokoa, akamchapa Wafula hadi Wafula akaniomba mimi, adui yake, nimwite huyo mama ashuke. Halafu Mzee Odongo akafariki, na kwa muda hapakuwa na wa kutuambia tumeanguka na nini.

Wakati huo wa ukame alikuja mtu kutoka Nairobi. Alimtaka Ouma. Ouma peke yake. Alisema Kiboko ana mwili wa runinga, na karani, samahani, makarani wako wengi. Ouma akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Na nani atanigusa mkono?" Mtu yule akafikiri ni utani. Ouma hakwenda. Hakunieleza hata siku moja. Nilisikia kwa Wafula. Mimi nilipojaribu kumshukuru, aliniambia nimsogezee chumvi.

Sasa Akinyi. Akinyi ni binti wa baba mdogo wa Ouma. Alikuja na Ouma kutazama pambano hapa mjini, na baada ya pambano, wakati nimekaa nimejifunika taulo, akaokota shati langu.

"Nani alishona hili?"

"Lilinunuliwa."

"Limeraruka vibaya. Limeraruka kama la mlevi."

Akanieleza kwamba shati la kazi kama yangu lisishonwe kama shati la kanisani. Unafumua mishono, unairudisha kwa uzi dhaifu, kwa hatua ndefu, ili mtu akivuta lifunguke vipande vitatu safi, watu wapige nduru, halafu kesho linashonwa tena. Nilikuwa nimeharibu mashati mengi kwa ujinga. Tangu siku hiyo shati moja likaishi kuliko mapromota watatu. Nikamwoa, ingekuwa ujinga mwingine kumwacha. Hivyo Ouma akawa shemeji yangu, na asimlaumu mtu, ni yeye aliyemleta.

Lakini kuoa kulikuja na shida ya kikazi. Mama yake Akinyi, mama mkwe wangu, anaishi karibu na soko la Katito. Nyinyi mliolelewa na simu labda hamjui, kwa hiyo niseme. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamtaniani, hamshikani ovyo, na kuliko yote, hakuoni bila nguo. Kifua wazi mbele ya mama mkwe si jambo la kucheka na kusahau. Ni aibu inayoingia nyumbani na kuketi. Anaweza kukataa kukanyaga kwako mpaka anakufa, na binti yake anabaki katikati kama daraja lililovunjika pande zote mbili. Na si yeye peke yake. Wake wote wa ukoo ule, wa rika lake, ni mama wakwe zangu. Siku ya soko, ukirusha ganda la ndizi pale Katito utampiga mama mkwe wangu, na hilo pia ni kosa.

Kwa hiyo Katito hatukupigana. Nilisema wazi tangu mwanzo, na Ouma akakubali wazi, kwa sababu yule ni mama yake mdogo na alimlea jikoni kwake baada ya mama yake mwenyewe kufariki. Tulizunguka ziwa lote. Tukifika njia panda ya Katito tunanunua mahindi ya kuchoma, tunapita. Mimi nilipita na amani. Ouma alipita akitazama nje dirishani. Watu wa kwao hawakuwahi kumwona akipigana hata mara moja, walisikia tu. Wakampa jina: mpiganaji wa redio.

Mwaka jana bega lake la kulia likachoka. Lilikuwa limetoka mara kadhaa na kurudishwa, na daktari akamwambia safari ijayo halitataka kurudi. Akaja hapa nyumbani, akaketi chini, maana viti vyetu tunavipenda.

"Karani."

"Shemeji."

"Daktari amesema niache. Likitoka tena nitakunywa uji na mkono wa kushoto maisha yangu yote."

"Basi tumeacha."

"Bado moja," akasema. "Katito."

Cherehani ikanyamaza. Akinyi akageuka. "Ouma, unajua Mama yuko pale."

"Ndiyo yuko. Nataka awe. Na baba yangu, na wale wote. Nimezunguka ziwa hili nikikalia watoto wa watu wengine. Kwetu sijakalia hata mtu mmoja."

Hakunikumbusha mtu wa Nairobi. Angenikumbusha ningekuwa na la kujibu.

"Akinyi," nikasema, "unaweza kunishonea shati lisiloraruka kabisa?"

"Lile unaloraruliwa kila siku ndilo kazi," akasema. "La kutoraruka ni rahisi."

Akaenda Dunga kwa wavuvi, akarudi na uzi wa nailoni wa kushonea nyavu za mbuta. Akashona mabega mara mbili, mgongo mara mbili, kola mara tatu. Vifungo akavikaza mpaka kuvifunga nilihitaji msaada. Tukalijaribu hapa sebuleni: Ouma akashika kwa mkono wake mzuri na kuvuta, nikasafiri mimi pamoja na meza, shati halikulia hata kidogo. Nikampigia simu Wafula kumweleza.

"Mimi?" Wafula akasema. "Kwetu nikimwona mama mkwe njiani naingia kwenye mahindi. Shati lako sitaligusa hata kwa kidole."

Tukapanga upya kila kitu. Siku hiyo Ouma ndiye angeanza na Ouma ndiye angemaliza, watu wake wamwone yeye. Mimi ningesimama kwenye kona yangu, nimefungwa vifungo mpaka shingoni, ninyooshe mkono na kusikitika. Ningeingia kidogo tu katikati. Kwa mara ya kwanza ningefanya kazi ya karani kweli.

Ilikuwa siku ya soko, mchana. Ulingo uliwekwa karibu na njia ya kwenda Kendu Bay. Baba yake Ouma aliletewa kiti chake kutoka nyumbani. Upande wa pili, mstari wa mbele kabisa, nikamwona mama mkwe, kitambaa cha kanisani kichwani, mwavuli mkononi, na nyuma yake wale mama wakwe wengine wote, safu kwa safu, kama kwaya. Nikainama kuwasalimia kwa mbali. Akaitikia kwa mbali. Shati langu likameta.

Ouma alipopanda nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kiboko alikuwa anaogopa.

"Redio! Redio!" vijana wa kwao wakaanza.

"Ongeza sauti!" mwingine akapaza.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Ouma aliwasukuma Wafula na Sande kama mtu anayepanga samani, na kila akimtupa mmoja, baba yake alitikisa kichwa kidogo, bado hajaamini. Halafu Sande akamrusha Ouma kwenye kona yetu, kama tulivyopanga, ila makapi ya upande huo yalikuwa yamehama. Ouma akafika na uzito wake wote. Nguzo ikayumba. Mguu wangu ukateleza ukingoni, nikashuka, na sikufika chini. Kola yangu ilikuwa imenasa nyuma, kwenye ndoano. Mpira wa kuifunika ulikuwa umedondoka, na mimi ndiye niliyemwachia mtu wa turubai kazi hiyo.

Shati la kawaida lingefunguka pale pale, ningeanguka, nikasimama. Hili la Akinyi lilinishika kama mbuta wavuni. Nikaning'inia, vidole vya miguu vinatafuta ukingo na kuukosa, na watu wakicheka mpaka wakashikana. Walidhani ni sehemu ya kazi. Ningekuwa wao ningecheka pia.

Ndipo nikamwona Ouma. Kamba zilikuwa zimemrudisha, yuko chini, katikati ya ulingo, mkono wa kulia umekaa mahali ambapo mkono haukai. Akapiga turubai mara mbili kwa kiganja cha kushoto. Mzee Odongo alitufundisha ishara hiyo wote, yetu na ya wapinzani: hapa si mchezo tena. Wafula akaiona, akajilaza juu yake polepole, kumkinga, ionekane bado anambana. Refa akaja karibu na kona yangu.

"Nimalize?" akaninong'oneza. "Nikihesabu tatu, tumpeleke hospitali."

Akihesabu tatu, Ouma anabebwa mbele ya baba yake, ameshindwa, na hiyo ndiyo picha ya pekee ambayo Katito itakuwa nayo. Ouma alikuwa amesikia. Akatikisa kichwa. Akaanza kujiburuta kuja kwangu, Wafula akijifanya anamvuta huku anamsukuma. Akanyoosha mkono wa kushoto. Nami nikanyoosha wangu. Kati ya vidole vyetu palibaki nafasi ya kupitisha sahani.

"Njoo, Karani."

"Nimenaswa!"

"Vua!"

"Mama yuko!"

"Najua yuko!" Jasho lilikuwa linamwingia machoni. "Omera, ndugu yangu, mimi siwezi kusogea tena."

Nimepigana miaka mingi, na sijui kipigo kizito kuliko kile kifungo cha kwanza. Kilikataa kutoka. Nikakizungusha. Kikatoka. Hakuna aliyeona. Cha pili, watu wa mbele wakaanza kunyamaza. Katito walijua mimi ni mkwe wa nani. Cha tatu, nikatazama upande ule, sikuweza kujizuia. Mama mkwe alikuwa ameniona mikono. Kisha akamtazama Ouma, akamtazama sana, kama mtu anayemjua mtoto tangu akilia kwa njaa na akilia kwa uongo. Akaona hiki hakikuwa cha uongo.

Akasimama. Akafunga mwavuli wake. Akageuka mwili mzima, akaitazama barabara ya Kendu Bay, ulingo ukabaki mgongoni pake.

"Geukeni," akawaambia wenzake.

Wakageuka. Safu ya kwanza, ya pili, mpaka wauza nyanya kule nyuma ambao hata hawakujua kwa nini. Viti vikakwaruza. Nusu ya soko la Katito ikawa migongo, vitambaa vya kichwa na watoto waliofungwa mgongoni wakinitazama peke yao.

Nikafungua vifungo vilivyobaki, nikachomoka kama nyoka kwenye gamba lake, nikaanguka ukingoni, nikamgusa mkono.

Sijawahi kusikia nduru kama ile, na nusu yake ilikwenda upande wa Kendu Bay. Nikaingia na tai shingoni bila shati. Wafula na Sande, Mungu awabariki, wakaanza kunipiga kwa adabu sana.

"Nani yuko chini?" mama mkwe akauliza, bila kugeuka. Walikuwa wakisema Kijaluo, nawawekea kwa Kiswahili.

"Mkwe wenu!" mzee mmoja akamjibu.

"Tena?"

"Tena!"

"Na Ouma?"

"Amekaa kwenye kona, ameshika bega."

"Ouma!" akaiambia barabara. "Baba, inuka!"

Na wale wengine wote, wamekunja mikono, wamegeukia lami, wakaanza kumwita. Inuka. Inuka. Mwenye pikipiki aliyekuwa akipita akasimama, akajikagua kama ni yeye.

Wafula akanitazama. Nikamtazama. Nikamgusa kifua kwa kidole kimoja, naye akaruka juu kama aliyepigwa na radi, akaanguka chali karibu na kona yetu, akajiweka sawa, hata akasogea kidogo ili Ouma asipate taabu. Nikatambaa. Nikamgusa Ouma mkono wa kushoto. Kiboko akaingia, mkono wa kulia ameubana kifuani, akatembea hatua zake fupi, akageuka, akaketi.

Refa akahesabu. Akina mama wakahesabu naye, kwa migongo. Mmoja alifika nne.

Baba yake Ouma akainuka kwenye kiti chake, akaja mpaka ukingoni, akaweka mkono juu ya turubai. Vijana wa redio wakamsubiri aseme. Akamtazama mwanawe pale alipokaa, na Wafula chini yake akipumua kwa shida ya kweli sasa.

"Leo," mzee akasema, "redio imepata picha."

Shati langu lilikuwa bado linaning'inia kwenye ndoano. Watu watatu walijaribu kulitoa wakashindwa. Sande akanivika joho la Ouma, lile la kuingilia ulingoni. Lilinifika vifundoni. Nikalifunga mkanda mara mbili, nikashuka, nikasimama nyuma ya Ouma, ambaye alikuwa akingoja gari la kumpeleka hospitali na kucheka na kuuma meno kwa pamoja. Mama mkwe alikuwa bado anaitazama barabara.

"Mama, geuka," Ouma akamwambia.

"Amevaa?"

"Amevaa."

"Amefunga?"

"Amefunga mpaka shingoni, Mama."

Akageuka pole pole. Hakunitazama usoni, alitazama pindo la lile joho, kutoka umbali unaofaa. Miaka yote tuliyojuana alikuwa akiniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kazi yangu aliijua kama watu wanavyojua choo kiko nyuma ya nyumba: kipo, hakitajwi. Nikainamisha kichwa, nikangoja aseme kama atakanyaga kwangu tena au la.

"Mkwe wangu," akasema, "pole na kazi."

"Asante, Mama," nikajibu.

Akampa Ouma mkono wa kumshika, wakaanza kuelekea kwenye gari. Nami nikawafuata nyuma, nimeinua joho nisilikanyage. Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kutoka kazini.